Nyumba inammaliza mtu kabla yenyewe haijaisha

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, sio mwandishi, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Maisha yangu yote nimefanya kazi ya ujenzi, nilianza kibarua wa kubeba zege kichwani, nikawa fundi mwashi, nikaja kuwa msimamizi wa saiti, na siku hizi nipo nipo tu nyumbani nasoma magazeti na kuangalia kazi ndogondogo za watu wanaonifahamu. Nimekuwa nafuatilia barua za wasomaji zinazohusu ujenzi na karibu zote mshtakiwa ni mmoja, fundi. Fundi kaiba simenti, fundi kazidisha hesabu ya tofali, fundi kachukua advansi kazima simu. Sikatai, wezi wapo, na wengine nimewafukuza mimi mwenyewe tena bila kuwalipa siku hiyo. Ila kuna kitu sioni kikisemwa. Hela nyingi ya mtu anayejenga inakuwa imeshapotea kabla fundi hajatia mguu saiti, inapotea siku ile amekaa na mkewe wanachagua ramani.

Yaani hivi. Mtu anakuja kwako na simu, anakufungulia picha, anasema fundi nataka kama hii. Unaangalia, ni picha ya kompyuta, nyumba inang'aa, majani yamekatwa, gari mbili zimepaki mbele, vioo kutoka chini mpaka juu, paa limevunjwavunjwa lina kota, yaani vipaa vidogo vinavyochomoza, kila upande, barazani nguzo kama za ikulu. Unamuuliza mzee mnakaa wangapi, anakwambia wanne. Una kiasi gani mkononi, hapo anaanza kuzunguka, mara kuna hela naitegemea, mara kuna mkopo unashughulikiwa, mara sisi tuanze tu fundi mengine yatajipa. Sasa hilo neno mengine yatajipa nimelisikia kwa watu wengi sana, na hayajipi. Kwenye ile picha hamna tenki la maji, hamna chemba za maji taka, hamna waya unaoingia ndani, hata gata za kukinga maji ya mvua hamna, na hamna risiti. Aliyeichora hakununua hata msumari.

Watu hawaelewi nyumba inavyokua. Wanadhani ukiongeza kidogo unaongeza kidogo. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 10, hiyo ni mita za mraba 100, familia inakaa vizuri kabisa. Mwenye nyumba anasema sebule naona ndogo, masta nayo ndogo, tusogeze kidogo, basi mnasogeza mita 2 kila upande, kwenye karatasi ni kama upana wa kidole. 14 kwa 14 ni mita za mraba 196. Umeshajenga nyumba karibu mbili na bado unaiita moja, na kila kitu kinafuata hapohapo, jamvi yaani zege la sakafu, bati, siling'i, tailizi, rangi, waya. Na ile bajeti uliyokuwa nayo kichwani ni ya ile nyumba ya kwanza, kichwa hakijasogea.

Korido ndo usiseme. Ramani kubwa lazima iwe na korido ndefu maana vyumba vingi vinatakiwa vifikiwe. Korido ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 9 ni mita za mraba 10.8, hicho ni chumba cha mita 3 kwa 3.6, chumba cha mtoto kamili chenye kitanda, meza na kabati. Umeiwekea msingi, umeipiga zege, umeipaua, umeipiga tailizi, alafu hakuna mtu atakayekaa hapo hata dakika 5, ni pa kupita. Mchoraji mzuri anaficha korido, anaipunguza mpaka inabaki kipande, lakini mchoraji mzuri analipwa na watu hawataki kulipa mchoraji, wanataka ya kudaunilodi bure, na ile ya bure ndo inakuja kuwa ghali kuliko zote.

Kuta nazo. Siku hizi kila mtu anataka ziende juu, anasema hewa. Hewa sawa, sibishi, lakini hewa inaingia dirishani ikatokea dirisha la pili, mbona haiingii kwa urefu wa ukuta peke yake. Nyumba ya kawaida ukijumlisha kuta za nje na za ndani unapata kama mita 75. Ukiipandisha sentimita 60 tu umeongeza mita za mraba 45 za ukuta. Kwa tofali za kawaida za sentimita 45 kwa 22.5, kila mita ya mraba inakula 9 mpaka 10, piga hesabu, hizo ni tofali zaidi ya 400, alafu plasta ndani na nje inakuwa mita 90, alafu skimu ya kulainisha ukuta, alafu rangi, na rangi sio mara moja, ni kila baada ya miaka michache mpaka unakufa. Kwa sentimita 60!

Paa ndo pabaya kuliko pote kwa maoni yangu. Paa likisimama nyuzi 30 linakula bati kama asilimia 15 zaidi ya eneo lililo chini yake. Ukilisimamisha mpaka nyuzi 45, kwa sababu umeliona kwa jirani limesimama, ni asilimia 41 zaidi, na hapo sijahesabu mbao za kenchi wala vipande vya bati vinavyokatwa pembeni vikatupwa. Kila kota unayoongeza ni bati za kukata mshazari, na kila bonde kati ya kota na kota ni mahali maji yatapita yakitafuta tundu. Nimeitwa kutafuta mahali panapovuja kwenye nyumba nyingi tu, na mara nyingi naenda moja kwa moja kwenye bonde, silazimiki hata kuuliza. Paa la pande 2 halivutii kwenye picha. Ila halivuji.

Na vyoo jamani. Kila chumba self, yaani na choo chake ndani. Watu wanne, vyoo 5, kwa sababu na wageni lazima wawe na chao, na pale nje kimoja cha kijana wa getini ambaye hayupo na hatakuwepo. Choo ndo chumba cha bei kuliko vyote ndani ya nyumba ukipima kwa mita, kina maji yanaingia, maji yanatoka, bomba la hewa, tailizi mpaka juu, sinki, koki, hita, mlango wake na dirisha lake. Alafu choo kisichotumika kinaoza chenyewe, maji yanakauka kwenye ule mkunjo wa bomba chini, harufu inarudi ndani, mende nao wanafuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo kuna mtu anafanya kazi ya kuzunguka kumwaga maji kwenye vyoo ambavyo hakuna anayevitumia. Nimeshuhudia, na mwenye nyumba hakuona kama ni kichekesho.

Sasa mtu akishafika kwenye boma, kuta zimesimama, linta imepigwa, anajiona amemaliza. Majirani wanampa hongera. Akiezeka ndo kabisa, anasema nimebakiza finishingi tu. Hiyo TU nataka mniruhusu niiandike kwa herufi kubwa maana ndo imewaua wengi. Finishingi mara nyingi inakula hela sawa na boma lote pamoja na paa, na kwa mwenye mapenzi ya vitu vya kung'aa inapita kabisa. Milango, madirisha, grili, plasta, waya, soketi, mabomba, siling'i ya jipsamu, tailizi, makabati ya jikoni, rangi, chemba na shimo, uzio, geti. Tena tofali unanunua ukijua bei, lakini tailizi unaingia dukani na bei kichwani unakutana na nyingine mbele yako nzuri zaidi kidogo, na bei yake imezidi kidogo tu, kidogo hiyo zidisha mara mita 196. Ukishaweka tailizi nzuri mlango wa kawaida unaonekana mbaya, ukibadili mlango kitasa kinaonekana cha kijinga, ukibadili kitasa kochi lako la zamani linaonekana limetoka jalalani, na hamna mahali pa kusimama.

Alafu mtu anabadilisha mawazo katikati. Hili naomba wasomaji walisikie vizuri. Mlango ukiwa kwenye karatasi unahamishwa kwa kifutio. Ukishajengwa unahamishwa kwa nyundo, vumbi, vibarua wawili, tofali mpya, simenti mpya, na ufa ambao utarudi kila mwaka palepale pamoja na rangi yako. Wateja wanakuja jumapili na shemeji, shemeji anasema hapa mngeweka dirisha kubwa, jumatatu tunabomoa. Hakuna anayeandika hela hiyo popote. Mwisho wa kazi anajumlisha anaona imezidi, anasema fundi kaniibia, wakati shemeji amekaa palepale kwenye kochi anakunywa soda.

Kijana wangu alinisomea siku moja kwenye simu mambo ambayo yalinifanya nicheke maana sisi saiti tuliyajua bila shule. Wataalamu wawili wa saikolojia, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika mwaka 1979 kwamba binadamu akikadiria kazi yake mwenyewe ana tabia ya kuona njia nyoofu tu, hata kama kazi za namna hiyohiyo huko nyuma zilimchelewesha. Mwaka 1994 watafiti wengine wakawauliza wanafunzi wa chuo kikuu wataimaliza lini tasnifu yao ya mwisho. Wakasema kwa wastani siku 34. Wakaulizwa, haya, na kila kitu kikienda vibaya kabisa? Wakasema kama siku 49. Walichotumia ni siku 55. Yaani hata walipoambiwa wafikirie mabaya yote bado mabaya yenyewe yaliwazidi. Na hao walikuwa wanaandika karatasi, mvua hainyeshei karatasi, kokoto haipandi bei katikati ya karatasi. Ndo maana mimi mtu akiniambia fundi nimekadiria na nimeweka na ya dharura, namuuliza ya dharura ngapi, akisema kidogo basi najua hajaweka. Asilimia 10 mpaka 15 juu ya makadirio ndo kawaida ya watu wanaojua kazi, na kwa mtu anayejenga kidogokidogo kwa miaka ningesema aongeze, maana miaka nayo ina bei yake.

Nikirudi kwenye hela ikikata. Watu wanaongea kuhusu madeni na presha na ndoa kuyumba, ni kweli yote, lakini mimi ni mtu wa ujenzi nitasema la ujenzi. Hela ikianza kukata mwenye nyumba hapunguzi kinachoonekana. Hasemi tuache nguzo za barazani. Anapunguza kisichoonekana. Zege lililotakiwa ndoo 1 ya simenti kwa 2 za mchanga na 4 za kokoto linaanza kuongezwa mchanga kimyakimya. Nondo zinapungua unene au zinaachanishwa. Nailoni ya chini ya jamvi inayozuia unyevu, anasema hiyo itaonekana na nani. Zege linatakiwa limwagiwe maji angalau siku 7, na nguvu yake tunaipimia siku ya 28, lakini maji yananunuliwa na kibarua wa kumwagia analipwa, basi linamwagiwa siku 2, la tatu watu washapanda juu. Waya mwembamba unapitishwa panapotakiwa mnene. Kwa hiyo nyumba inayoonekana ya kitajiri kwa nje inakuwa imejengwa kimaskini ndani ya kuta zake, na anayelala humo ni yeye na watoto wake. Nisingependa kulala kwenye baadhi ya nyumba nilizoona zinasifiwa.

Na zile zinazosimama njiani. Boma lisiloezekwa linanyeshewa mvua kila msimu, maji yanaingia kwenye tofali kutoka juu, tofali za simenti kiduchu zinaanza kumumunyuka. Nondo zilizoachwa zimechomoza juu kusubiri ghorofa zinapata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili hata zaidi, kwa hiyo inavimba ndani ya zege na kulipasua. Mtu anarudi baada ya miaka 6 na hela yake anataka aendelee pale alipoishia, haanzii hapo ndugu, anaanzia nyuma, kuna vya kubomoa kwanza. Wengine wananunua simenti nyingi mapema wakiogopa bei kupanda, wanaifungia stoo, simenti ikikaa miezi 3 inaanza kupungua nguvu hata kama bado ni unga. Hawaambiwi hayo.

Na msidhani ni ugonjwa wa watu wa kipato cha chini. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, huko Ujerumani, aliweka jiwe la msingi la kasri la Neuschwanstein mwaka 1869, mahali pa juu mlimani, vyumba zaidi ya 200 kwenye mpango. Alikufa 1886 halijaisha, vyumba vilivyokuwa vimekamilika ndani ni kama 15, na madeni yake ya ujenzi yalishafika karibu mark milioni 14 za wakati ule, maana alikuwa anajenga makasri mengine pia kwa wakati mmoja. Wiki chache baada ya kufa likafunguliwa watu walipe kiingilio waangalie. Leo linasifiwa dunia nzima, na kuna watu watanijibu si unaona, alifanya la maana. Sawa, ila yeye alikaa humo muda mfupi tu, tena halijaisha.

Yule mwingine ni Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa Marekani. Nyumba yake ya Monticello alianza kuishughulikia akiwa kijana miaka ya 1760 mwishoni, akaenda Ufaransa akaona majumba ya huko, aliporudi akaanza kubomoa na kupanua, ikaja kutulia mwaka 1809 hivi, miaka 40 ya kujenga. Alikufa 1826 na deni la zaidi ya dola 107,000, hela nyingi sana kwa enzi zile, na sio nyumba peke yake iliyomfikisha huko, alikuwa na madeni ya kurithi na ya kumdhamini mtu, lakini mkono wake haukujua kufunga. Familia ikaiuza nyumba. Kabla ya hapo, Januari 1827, waliuza watumwa 130. Baadhi ya waliopanga matofali na kupiga mbao za nyumba hiyo walikuwa watumwa, hawakulipwa, na bado deni lilikuwepo, na lilipodaiwa wakauzwa watu. Nikisoma hapo mimi kama mwashi siwezi kuangalia picha ya ile nyumba kwa jicho la kawaida tena.

Ila niseme kinachonisumbua zaidi ya hela, mhariri, ni watoto. Mtu anasema najenga kwa ajili ya wanangu. Ana watoto watatu wadogo, anachora vyumba vitatu vya watoto kila kimoja na choo chake. Ramani imemzidi kwa hiyo anajenga kwa vipande, mwaka huu msingi, mwaka kesho kutwa kuta, alafu kimya, alafu bati, alafu kimya kirefu. Muda wote huo wanaishi kwenye chumba na sebule cha kupanga, watoto watatu kitanda kimoja, hakuna safari, hakuna baiskeli, ada inalipwa kwa kuchelewa kwa sababu baba ananunua nondo. Siku anahamia mtoto wa kwanza yuko kazini mji mwingine, wa pili chuo, wa tatu amebakiza mwaka. Vile vyumba vinabaki na magodoro kwenye nailoni zake. Wale watoto aliowajengea hawakuwahi kuwepo humo ndani, waliokuja ni wageni wakubwa wanaokuja sikukuu wanalala siku 2. Kama angejenga vyumba viwili vya kulala na sebule, vikaisha, wangekulia humo.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa fundi unakatisha watu tamaa, mtu anajenga mara moja tu maishani aache ajenge anachotaka. Hiyo mara moja ndo sababu wanayoitumia kuweka kila kitu. Kila kitu kinaingia kwa sababu hakutakuwa na nafasi nyingine, jimu, chumba cha sinema, stoo ya jiko na stoo ya stoo, na bwawa la kuogelea kwa mtu asiyejua kuogelea. Mimi sina shida na ndoto. Nina shida na ndoto ambayo haijaulizwa hata swali moja. Muulize tu, hicho chumba kitatumika siku gani ya wiki? Ukikosa jibu kifute. Ukisikia labda, kifute pia, tena kwa kukandamiza.

Na mtu mwenye nafasi yake kweli ajenge, sina wivu. Kaufmann, yule tajiri wa duka kubwa kule Pittsburgh, alijengewa nyumba juu ya maporomoko ya maji na mchoraji majengo maarufu wa Marekani, Frank Lloyd Wright, miaka ya 1930, alianza akiongea habari ya dola 20,000 au 30,000, ikaja kufika 155,000 pamoja na nyumba ya wageni, na ile baraza inayoning'inia juu ya mto ilianza kuinama mapema, mwaka 2002 ikabidi ikazwe kwa nyaya za chuma. Yeye aliweza kulipa. Tatizo ni mtu wa mshahara anayeanza kwa staili ya Kaufmann akiwa na mkopo wa kukatwa kila mwezi, nyumba haina bati na marejesho yameshaanza, anamlipa benki na mwenye nyumba wake wa kupanga kwa pamoja. Hapo hata fundi malaika hakusaidii.

Mimi ninachowaambia wanaonisikiliza ni kwamba makadirio yafanywe ya nyumba nzima mpaka kitasa na balbu, sio ya boma, na yafanywe na mkadiriaji au mtu asiyefaidika na ukubwa wa nyumba, maana ukimuuliza fundi au muuza tofali kama nyumba iwe kubwa atakujibu nini? Likija jumla likazidi mfuko, punguza mita, usipunguze nondo. Kama una hamu ya kuja kupanua, mwambie mchoraji tangu mwanzo, akuachie ukuta mmoja usio na choo wala jiko upande huo, na paa linaloweza kuendelezwa, inawezekana kabisa na haina gharama kubwa ikifikiriwa mapema. Msingi wa ghorofa weka tu kama ghorofa yenyewe ina tarehe. Na kama lazima usimame njiani simama mahali pazuri, ukishaezeka, au kama ni nondo zifunikwe, zipakwe tope la simenti zisiguswe na hewa. Vitu vya kuvutia macho vinaweza kuja baadaye, hakuna aliyekufa kwa kuishi kwenye sakafu ya simenti iliyosuguliwa vizuri, na mimi binafsi naipenda kuliko tailizi, haitelezi mtu akitoka kuoga.

Sasa na ninyi wenyewe mhariri, niwaguse kidogo msinichukie. Kurasa zenu za nyumba na makazi kila nikifungua ni majumba, na chini yake maneno mawili matatu, ya kisasa, ya kuvutia, ya ndoto zako. Watu wanakata zile picha wanatuletea saiti, nimeletewa mimi. Naomba muwe mnachapa na nyumba za mita 60, 70, 80 zilizochorwa na watu wanaojua kazi, zipo na ni nzuri, tena mchape na ramani yake sio sura tu, mtu aone korido imeishia wapi. Alafu kwenye yale majumba makubwa mkiendelea kuyaweka, na najua mtaendelea kwa sababu yanauza gazeti, chini ya picha andikeni na ilichukua miaka mingapi, ina vyoo vingapi, na humo ndani wanalala wangapi kwa sasa.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi mwashi mstaafu